Riwaya za Ziwa: Kitabu cha Aniceti Kitereza na Wasomaji wa Nchi ya Usinza

Nkome ni kituo cha wavuvi kilichoko ukingoni mwa Ziwa Victoria, kaskazini ya Geita, katika nchi iliyojulikana zamani kwa jina la Usinza. Ziwani kwa upande huo viko visiwa vya Maisome na Kome, na mbali zaidi, kuelekea mashariki na kaskazini, kiko Ukerewe, kisiwa kikubwa kupita vyote vya ziwa hilo. Wazinza na Wakerewe ni ndugu kwa lugha. Kizinza, Kikerewe, Kihaya na Kinyambo vyatoka katika shina moja, hata msemaji wa kimojawapo, akitega sikio vizuri, husikia mengi katika maneno ya mwenzake. Mapokeo ya Ukerewe yasema kwamba ukoo wa watawala wake, Wasilanga, ulitoka Ihangiro, magharibi ya ziwa, ukiongozwa na Katobaha. Kwa watu wa kale, basi, maji haya yalikuwa njia kuu, na mtumbwi ulipeleka watu, mbegu, dawa na hadithi kutoka ufuko mmoja hata mwingine.

Habari hizi za nchi na lugha zina uzito wake katika historia ya riwaya. Wanaosimulia historia ya riwaya ya Kiswahili aghalabu huanzia pwani ya bahari, na kuna sababu. Lahaja ya Unguja ilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, ambacho Kamati ya Lugha iliyoanzishwa mwaka 1930 ilikisimamia, na vitabu vilivyosomwa shuleni vilifuata uchaguzi huo. Kwanza zilikuja tafsiri. Mwaka 1929 zilitoka *Mashimo ya Mfalme Sulemani* na *Kisiwa chenye Hazina*, hadithi za safari na mali iliyofichwa, ambazo kwa vijana wengi wa Tanganyika na Kenya ndizo zilizokuwa mfano wa kwanza wa hadithi ndefu iliyoandikwa kwa nathari. Mwaka 1934 alifuata James Mbotela na *Uhuru wa Watumwa*. Kisha akaja Shaaban Robert, ambaye *Kusadikika* yake ilichapishwa mwaka 1951, na *Adili na Nduguze* mwaka 1952. Hizi ni hadithi za mafumbo na maadili, zenye nchi za kubuni na watu ambao majina yao hutangaza tabia zao. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alileta aina nyingine kabisa. *Mzimu wa Watu wa Kale*, iliyoshinda katika mashindano ya uandishi wa hadithi ya mwaka 1957–58 na kuchapishwa mwaka 1960, ilimtoa Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko chake, ambaye hufumbua mauaji kwa kufikiri. Miaka mitano baadaye Faraji Katalambulla alitoa *Simu ya Kifo*, na hadithi ya uhalifu ikahamia katika barabara za mji, kwa polisi na simu. Elvis Musiba aliitia mbio zaidi katika *Kufa na Kupona* ya mwaka 1974, mpelelezi wake Willy Gamba akiwa mtumishi wa siri wa serikali.

(Yafaa ikumbukwe hapa kwamba neno lenyewe *riwaya*, kwa maana linayotumiwa leo, lilichelewa kuenea. Wasomaji wa miaka ya hamsini walisema *hadithi*, na waliokuwa waangalifu zaidi walisema *hadithi ndefu*. Kukosekana kwa neno hakukumzuia mtu kuandika, walakini kulisaidia kuvificha vitabu visivyofanana na hadithi za shuleni.)

Katika masimulizi hayo Ziwa Victoria halionekani mpaka mwaka 1971. Mwaka huo East African Literature Bureau ilichapisha *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo katika Ukerewe, na kwa kitabu hicho bara likaingia katika riwaya kwa kishindo. Mpangilio huu ni sahihi madhali kinachohesabiwa ni miaka ya kuchapishwa. Lakini ikihesabiwa miaka ya kuandikwa, mambo hugeuka. Kwani kisiwani humo humo, mwezi wa Februari mwaka 1945, kabla ya *Kusadikika* kuchapishwa, na kabla Bwana Msa hajawasha kiko chake, mtu mmoja alikwisha kumaliza kuandika riwaya kubwa kuliko zote zilizotajwa hapa juu. Aliiandika kwa Kikerewe, na kitabu hicho kilingoja miaka thelathini na mitano kabla ya kupigwa chapa.

Mtu huyo ni Aniceti Kitereza. Alizaliwa mwaka 1896, akiwa mjukuu wa mtawala Machunda wa Ukerewe. Baba yake alifariki mtoto angali mdogo, naye akalelewa katika nyumba ya mtawala Mukaka, ambako aliyaona na kuyasikia mambo ya kale yakiwa bado hai. Kisha akapelekwa katika shule ya misioni ya Kikatoliki ya Kagunguli, akabatizwa, na mwaka 1909 akaenda seminari ya Rubya, ng'ambo ya magharibi ya ziwa, akakaa huko miaka kumi. Huko alijifunza Kilatini, Kijerumani na elimu nyinginezo za kizungu. Hakuwa padre. Alirudi kwao, akamwoa Anna Katura mwaka 1919, akafanya kazi za misioni na baadaye kazi ya biashara mjini Mwanza, hata Vita Vikuu vya Pili vilipomrudisha kisiwani. Yeye na mkewe hawakubahatika kulea mtoto, na katika nchi ambayo mume wa mke asiyezaa alishauriwa na kila jamaa aoe mwingine, walikaa pamoja.

Msomaji wa riwaya yake hana budi kulikumbuka jambo hilo, maana ndilo lililo moyoni mwa kitabu. Myombekere na Bugonoka ni mume na mke wasio na mtoto. Jamaa za mume wanamsimanga mke, na wazazi wa mke, kwa kuona binti yao anatukanwa, wanamchukua kumrudisha kwao. Myombekere angeweza kuoa mwingine. Desturi yampa ruhusa, na ndugu zake wamhimiza. Badala yake anakwenda ukweni kumwomba mkewe. Wakwe wanamtoza faini ya mitungi ya pombe ya ndizi, na mtu huyu, asiye na mke wa kumsaidia nyumbani, inambidi aitafute njia ya kuipika pombe hiyo na kuifikisha. Kurasa nyingi zinatumika kwa pombe hiyo peke yake: ndizi, kazi, watu waliosaidia, safari ya kuipeleka, maneno yaliyosemwa ilipopokewa. Mke anarudi. Linafuata shauri la mganga na dawa, na baada ya mashaka mengi anazaliwa mwana, Ntulanalwo, na kisha binti, Bulihwali. Sehemu ya pili ya kitabu ni maisha ya watoto hao, ndoa zao na misiba yao. Yote hayo yamewekwa katika zama za kabla ya wageni kufika.

Wako waliokisoma kitabu hiki wakasema kwamba ni ghala ya desturi iliyovikwa nguo za hadithi. Hukumu hiyo ina haki yake kwa kiasi. Kitereza alitaka kwa dhahiri kwamba vijana wa Kikerewe wasisahau jinsi wazee wao walivyolima, walivyovua, walivyojenga, walivyotibu na walivyozika, naye hakosi nafasi ya kusimama na kueleza. Kadhalika alikuwa na sababu ya kuona haraka. Wageni walikwisha kuandika juu ya watu wake: Padre Eugène Hurel alitoa maelezo ya lugha ya Kikerewe mwaka 1909, na mwaka 1911 maelezo ya dini na maisha ya nyumbani ya Wakerewe, yote kwa Kifaransa. Mtu aliyesoma seminari alijua vema kwamba mambo ya kwao yalikuwa yakihifadhiwa katika lugha ambazo wenyewe hawakuzisoma.

Hata hivyo kitabu cha desturi humwambia msomaji mume hufanya nini mkewe anapochukuliwa na wazazi. Kitereza asimulia alivyofanya mume mmoja, na kwamba alifanya kinyume cha alivyotazamiwa, na jinsi alivyoona haya njiani. Tofauti hiyo ndiyo inayokitenga kitabu chake na maandishi ya Hurel, na ndiyo inayokiweka katika jamii ya riwaya. Desturi zilizomo si pambo wala si somo la pembeni. Ndizo nguvu zinazowabana mume na mke huyu, na ndani yake wanatafuta upenyo. Isitoshe, mwandishi hakuiga aina yoyote aliyoikuta. Hakuna hazina inayotafutwa, hakuna nchi ya kubuni, hakuna maiti wa kuchunguzwa.

Huenda kutofanana huko kulikuwa sehemu ya balaa lililokipata. Sehemu kubwa zaidi ilikuwa lugha. Padre Almas Simard, Mkanada wa shirika la White Fathers, aliyemtia moyo mwandishi, aliuthamini mswada na kuanza kuutafsiri kwa Kifaransa, lakini hakuiona kazi hiyo ikichapishwa maishani mwake. Hakupatikana mchapishaji wa kutoa kitabu kinene namna ile kwa Kikerewe, lugha ya kisiwa kimoja na watu wachache wa pwani zilizokizunguka. Mswada ukalala. Mwishoni mwa miaka ya sitini Gerald Hartwig na mkewe Charlotte, Wamarekani waliofika Ukerewe kwa utafiti wa historia, walikutana na mzee Kitereza, wakasikia habari za kitabu. Shauri lililotolewa ni kwamba akitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Naye, mzee wa zaidi ya miaka sabini, mwenye maradhi ya viungo, akaianza upya kazi aliyokwisha kuimaliza mara moja. Mwaka 1972 Charlotte Hartwig alichapisha makala juu yake katika jarida la Marekani la utafiti wa fasihi za Afrika, na kwa njia hiyo wanazuoni wa mbali walimjua mwandishi wa riwaya ambaye jirani zake wa ng'ambo ya maji hawakuwa wamepata kumsoma.

Hapa ndipo Nkome na nchi ya Geita zinaposaidia kueleza kwa nini njia ya Kiswahili haikuepukika. Kama Kitereza angalichapishwa kwa Kikerewe mwaka 1945, Mzinza wa Nkome angaliweza kukifuata kitabu chake kwa juhudi kidogo, na mengi yaliyomo angaliyatambua kuwa mambo ya babu zake. Lakini katika miaka hiyo hiyo nchi ya Usinza ilikuwa ikibadilika. Mgodi wa dhahabu wa Geita, uliofanya kazi tangu miaka ya thelathini hata mwaka 1966, uliwakusanya vibarua wa makabila mengi. Tangu mwaka 1947 mpango wa serikali wa maendeleo ya Usukuma uliwahimiza Wasukuma wahame kutoka katika wilaya zilizosongamana, na wengi wao walivuka kwenda Geita na ng'ombe wao. Wavuvi wa Kijita, Wakara na Wakerewe walifuata samaki katika kila mwalo. Mtu aliyetaka kuwauzia watu wote hawa kitabu kimoja hakuwa na lugha nyingine ya kutumia ila Kiswahili. Ujio wa mgodi mpya wa Geita mwaka 2000, na kutengwa kwa Mkoa wa Geita mwaka 2012, vimezidisha tu mchanganyiko ulioanza zamani.

Lililopotea katika kuvuka kutoka Kikerewe hata Kiswahili si dogo. Kiswahili sanifu kilikuwa na maneno tele ya bahari, ya dini na ya ofisi, lakini kilikuwa maskini wa maneno ya migomba, ya mitumbwi ya kushonwa, ya aina za mitungi na ya heshima za ukweni kama zilivyotamkwa ziwani. Kitereza alifanya alivyoweza. Kiswahili chake kina harufu ya Kikerewe, sentensi zake zatembea kwa mwendo wa lugha nyingine, na mpenda usanifu aliyezoea nathari ya Shaaban Robert huenda akakunja uso. Lakini msomaji wa kanda ya ziwa hakunji. Hicho ndicho Kiswahili anachokisikia gulioni na ufukoni.

Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam, chini ya uongozi wa Walter Bgoya, ilikubali kukitoa kitabu hicho katika juzuu mbili. Kina tarehe ya mwaka 1980. Kilipigwa chapa Uchina, na nakala zilichelewa kufika. Mwandishi alifariki mwezi wa Aprili mwaka 1981, kabla ya nakala hizo kumfikia mkononi.

Kwa hiyo wasomaji wa Kiswahili walizipata riwaya mbili za Ukerewe kinyume cha utaratibu wake. Walianza na *Rosa Mistika*. Humo baba, Zakaria, ni mlevi aliyeiachia nyumba imwangukie mkewe Regina. Humpiga binti yake kwa barua ya mvulana, kisha humpeleka shuleni Mwanza akiwa hana silaha ya kujilinda isipokuwa hofu. Binti anaharibika, ndoa yake inavunjika kwa sababu hakukutwa bikira, na mwisho anajiua. Kitabu kilipigwa marufuku shuleni, na baadaye kikaruhusiwa na hata kusomeshwa. Watu wengi waliokisoma katika miaka ya sabini walidhani wanaonyeshwa nyumba ya Kiafrika ilivyo, yaani baba mkali, mke aliyenyamaza, mtoto asiyeambiwa neno. Miaka tisa baadaye ndipo kilipofika kitabu kilichotangulia kuandikwa, chenye nyumba ya kisiwa kile kile kabla ya kubomoka. Humo mume atembea jua kali kumwomba radhi mkewe mbele ya wakwe.

Laiti vingesomwa kwa utaratibu wa kuandikwa kwake, ukali wa Kezilahabi ungalionekana kwa sura nyingine. Zakaria asingalichukuliwa kuwa mzee wa kale anayezuia mambo mapya. Angalionekana kuwa mtu aliyepotewa na adabu za kale asipate nyingine za kushika. Ulevi wake wenyewe hupata maana nyingine ukiwekwa kando ya mitungi ya Myombekere: kwa Kitereza pombe hupatanisha koo mbili, kwa Kezilahabi hunywewa na mtu mmoja peke yake hata ada ya shule ikaisha. Haielekei kwamba wa pili alikusudia kumjibu wa kwanza. Waliitazama nchi moja tu, mmoja kutoka katika nyumba ya mtawala Mukaka, mwingine kutoka katika nchi mpya yenye shule za bweni na vyuo vya ualimu.

Kezilahabi aliendelea, na kila kitabu chake kilitafuta aina nyingine. *Kichwamaji* ya mwaka 1974 ni riwaya ya msomi asiyeiona maana ya kuishi. *Dunia Uwanja wa Fujo* ya mwaka 1975 na *Gamba la Nyoka* ya mwaka 1979 zinashughulika na siasa ya Ujamaa. Hiyo ya pili yahusu kuhamishwa kwa watu kwenda katika vijiji, jambo ambalo kila mkazi wa vijiji vya ziwani mwenye umri wa kutosha analikumbuka bila kusoma. Kisha zikaja *Nagona* na *Mzingile*, vitabu vyembamba vya ndoto na mafumbo vilivyowashangaza hata wanafunzi wake. Alifariki mwezi wa Januari mwaka 2020. Gabriel Ruhumbika, Mkerewe wa tatu katika habari hii, alianza kwa Kiingereza na *Village in Uhuru* ya mwaka 1969, akahamia Kiswahili, na mwaka 1992 akatoa *Miradi Bubu ya Wazalendo*, riwaya ya watu wadogo waliotumika ili wengine wafaidi. Ni ajabu kwamba kisiwa kimoja kilitoa waandishi watatu wa namna hiyo, nayo yangefaa kuchunguzwa peke yake pamoja na athari ya shule za misioni.

Kitabu cha Kitereza kimesafiri zaidi baada ya kifo chake kuliko katika uhai wake. Wilhelm Möhlig alikitafsiri kwa Kijerumani, na juzuu zake mbili zikatoka katika miaka ya 1991 na 1993. Tafsiri ya Kifaransa iliyoanzwa na Simard ilitengenezwa na wengine ikatoka mwaka 1996 na 1999. Mwaka 2002 Mkuki na Nyota, kampuni aliyoianzisha Bgoya baada ya kuondoka Tanzania Publishing House, ilitoa tafsiri ya Kiingereza ya Ruhumbika, yenye kurasa zaidi ya 600. Ruhumbika hakupitia Kiswahili. Alirudi kwenye Kikerewe cha mwandishi.

Majina yaliyotiwa katika majalada ya tafsiri hizo yanastahili kuangaliwa. Kijerumani na Kifaransa viliita juzuu la kwanza watoto wa mleta mvua, na la pili muuaji wa nyoka, kana kwamba ni hadithi za ajabu za nchi ya mbali. Kiingereza kilihifadhi majina ya watu, kisha kikaongeza maelezo kwamba hiki ni kisa cha jamii ya kale ya Kiafrika, na hivyo kikakirudisha nusu katika rafu ya vitabu vya desturi. Kitabu cha Kiswahili kilichofika Tanzania mwaka 1981 hakina maelezo ya namna hiyo katika jina lake. Kinaitwa *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali*: mume, mke, mwana na binti.